Bi Khamisa, Gari na Leso ya Darini

Siku ya kwanza kumwona Bi Khamisa, alinipigia honi na kunipungia mkono. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya mtaa wetu hapa Granville, Australia, nimeshika mkate na maziwa, nikingoja magari yapite nivuke. Gari dogo jeupe la milango minne, lililobabuka rangi juu kama mtu aliyeungua na jua, lilikata kulia mbele yangu huku likipiga honi toka mwanzo wa kona hadi mwisho wa kona. Ndani alikaa mama mmoja mtu mzima mwenye mtandio wa kijani. Alinitazama usoni, akanipungia kama mtu anayenijua tangu Tanga. Nami nikainua maziwa, maana mkono wa maziwa ndio uliokuwa mwepesi.

Mimi si mtu ambaye wanawake humpungia mkono barabarani. Naishi peke yangu, na tukizidi wawili chumbani maneno hunikauka. Kwa hiyo salamu ile niliiweka moyoni. Nilijiuliza yule ni nani, ananijua kwa nani, na kama ningepaswa kumjibu kwa heshima zaidi kuliko kuinua maziwa.

Siku chache baadaye gari lile liliingia katika yadi ya matairi ninakofanya kazi, tairi moja la nyuma likiwa limekaa chini kabisa. Yule mama alitoa mkono dirishani, akafungua mlango wake kwa nje, akashuka. Alianza kueleza pancha yake kwa Kiingereza, kisha akasoma jina lililoshonwa kifuani mwangu.

"Kitwana! Wewe mtu wa pwani?"

"Tanga," nikasema.

"Mimi Mombasa, Kibokoni. Haya, Kitwana wa Tanga, nitilie kiraka nende zangu kazini. Wazee wangu wangoja kuogeshwa."

Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao. Nilifungua nati za tairi, nikajipa moyo. Nilipofika nati ya mwisho nikasema, "Bi, juzi ulinisalimu pale kwenye kona."

"Mimi?"

"Ulinipigia honi. Ukanipungia mkono."

Alicheka mpaka akashika boneti. "Maskini wee! Hii honi hulia yenyewe nikikata kulia. Nikikata kushoto haisemi kitu. Sasa usipopunga mkono, watu hudhani wawatukana. Ukipunga, hudhani wawasalimu. Si bora salamu?"

"Kwa hiyo hukunijua?"

"Nikujulie wapi, yakhe?"

Nikarudisha nati. Nilipomaliza nilikuwa nimejua mambo mawili: kwamba Bi Khamisa anaishi jengo lile lile ninaloishi mimi, ghorofa ya juu, na kwamba Granville nzima inamwona mtu mkarimu sana. Wazee wa Kilebanoni wanaokaa nje ya duka la mikate walikuwa wakisimama kumwitikia.

Toka siku hiyo ikawa kila gari likiumwa, nagongewa mlango mimi.

"Bi Khamisa, mimi ni wa matairi tu."

"Kwani matairi hayamo garini?"

Basi nilikuwa nikichukua bisibisi na kushuka.

Gari lile lilikuwa zuri siku zake. Lilikuwa la bei nafuu, la watu wa kawaida, na aliyelinunua alikuwa mumewe, marehemu Zubeir, kutoka kwa mzungu mmoja mstaafu. Zubeir alilipenda. Alipofariki liliendelea kwa heshima yake kwa muda, kisha likachoka. Kioo cha upande wa dereva kilikuwa kikitumbukia ndani ya mlango. Bi Khamisa alikikaza kwa kipande cha mwiko wa pilau uliovunjika, na akitaka hewa huuchomoa. Milango ya nyuma ilifunguka kwa nje tu, kwa hiyo aliyekaa nyuma alikaa mpaka mtu amkumbuke. Mshale wa mafuta ulisimama kwenye nusu toka Zubeir yu hai. Kipoza hewa kilitoa hewa ya moto wakati wa joto na hewa ya baridi wakati wa baridi, hivyo huwezi kusema kimekufa, kilikuwa kimekubaliana na majira. Taa ya injini iliwaka siku zote. Bi Khamisa aliibandika plasta ya kidonda, na baada ya hapo hakuna aliyesema tena kwamba injini ina tatizo.

Kila mwaka, kabla ya kulipia rego, yaani usajili, gari lazima likaguliwe. Siku hiyo honi ilinyamaza. Fundi alikata kulia, akakata kushoto, kimya, kama mtoto mtundu mbele ya wageni. Likishapita, tukitoka tu kwenye geti la gereji na kukata kulia, inaanza.

Siku moja nilimwuliza kwa nini asilibadilishe. Alisema, "Nani atampeleka Safaa?"

Safaa alikuwa wifi yake, dada yake Zubeir. Kwa watu wote wa ukoo ule, hapa Australia walibaki wao wawili. Walikaa mitaa tofauti kwa sababu kila mmoja alidai mwenziwe anakoroma. Safaa figo zake zilikuwa zimekwisha. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lazima apelekwe hospitali kule Liverpool, kitongoji cha jirani, alazwe kwenye kiti, damu itolewe, ipitishwe kwenye mashine, irudishwe. Akikosa, sumu inabaki mwilini. Akikosa sana, anakufa. Hospitali ilikuwa tayari kumletea gari lake na dereva wake, naye alikataa katakata. Alisema hapandi gari la mtu asiyemjua, na akirudi kutoka kwenye ile mashine anakuwa hajiwezi, hataki mwanamume mgeni amwone katika hali ile. Alipanda gari la kaka yake. Ndivyo alivyoliita, gari la kaka yangu. Bi Khamisa aliliita gari la mume wangu. Sikuwahi kusikia mmoja akimsahihisha mwenziwe.

Kiangazi cha mwaka juzi joto liliyeyusha gundi ya dari. Magari ya umri ule ndivyo yalivyo: kitambaa cha juu kwa ndani kinaachana na bati, kinaanza kushuka. Mwanzo kinashuka nyuma, kisha katikati, mwisho kinamkalia dereva kichwani. Bi Khamisa aliendesha mwezi mzima mkono mmoja kwenye usukani na mmoja juu, kama mtu aliyebeba sinia. Akikata kulia alikuwa hana mkono wa kupunga, na wale wazee wa duka la mikate wakaanza kununa.

Nikamwambia mimi ni wa matairi tu. Akasema haya, basi nitafanya mwenyewe. Akatoa kanga kwenye sanduku, yeye kwa Kimombasa huiita leso, nyekundu na nyeupe yenye korosho, mtindo ambao kila mwanamke wa pwani anao. Akaitandaza juu ya kile kitambaa, akakunja pembeni, akaichoma pini toka kioo cha mbele mpaka cha nyuma. Ilipendeza. Ndani ya gari palikuwa kama chumba cha bi harusi. Maandishi ya kanga yaliangukia nyuma kabisa, juu ya siti ambayo hakukaa mtu, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa mahali asipoweza kutoka.

Safaa alikuwa akikaa mbele. Alipoiona alisema, "Umefanya vizuri, wifi. Kaka angefurahi." Basi, miezi ikapita.

Kilichovunja amani ni kiti. Jumatatu moja, wako njiani kwenda Liverpool, wamesimama kwenye taa za Woodville Road, chuma kinachoshikilia mgongo wa kiti cha abiria kilikatika. Kiti kikalala chali, na Safaa akalala nacho. Bi Khamisa alinieleza mwenyewe jioni, amesimama mlangoni kwangu.

"Nilimwuliza, umeumia? Kimya. Nikamwuliza tena, Safaa, umeumia? Kimya. Nikadhani amekufa, Kitwana. Nikageuka. Yuko chali, macho wazi, atazama juu. Akaniambia, 'Hii leso yangu.'"

"Leso yake?"

"Ndiyo yake."

Maandishi yalikuwa kichwa chini miguu juu kwa mtu aliyelala vile. Lakini mtu aliyenunua kanga mwenyewe haihitaji kuigeuza. Kanga ile iliandikwa: NAKUVUMILIA TU SIKUPENDI.

Safaa ndiye aliyempa. Alimpa siku ya harusi ya Bi Khamisa na Zubeir, mbele ya wanawake wote, ikiwa imekunjwa vizuri ili maandishi yaonekane. Na kanga huuzwa doti, vipande viwili vya kufanana. Yeye aliikata doti akampa kipande kimoja. Kwa hiyo Bi Khamisa alitukanwa kwa maandishi, na tena akatukanwa kwa mkasi. Bi Khamisa aliipokea, akashukuru, akaiweka chini ya sanduku. Hakuivaa, hakuijibu, hakuitaja. Alikuja nayo Australia.

Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi aliitundika ile.

"Nguo zangu nyingine zote nazipenda. Nitazichoma pini?"

"Na maandishi?"

"Maandishi yaliangukia huko yenyewe."

Nilimtazama. Alikuwa akiangalia viatu vyangu. Mpaka leo siwezi kusema kama yaliangukia yenyewe au yalisaidiwa.

Safaa aliteremka siku ile akaingia hospitali, akamaliza, akarudi amelala chali vile vile bila kusema neno. Walipofika kwake alisema sentensi moja: "Umenifanya nisafiri chini ya tusi mwaka mzima." Akafunga mlango wa gari kwa kuupigiza, na ule mlango haupigizwi, lazima uunyanyue kwanza. Ukabaki wazi.

Jumatano Bi Khamisa alikwenda kumchukua. Safaa hakushuka. Alizungumza kwa kile kidude cha mlangoni chenye spika. "Mwambie dereva aende zake," alisema, na hali dereva ndiye aliyekuwa anasikiliza.

Jioni nikagongewa.

"Nenda kaseme naye. Wewe huna ugomvi naye."

"Bi Khamisa, mimi..."

"Usiniambie matairi, Kitwana. Leo hakwenda. Miguu yake itavimba. Ijumaa asipokwenda, itakuwa ni ambulansi, na huenda isiwe ambulansi."

Nilikwenda. Njiani nilitunga maneno, nilipofika yakanitoka yote. Safaa alinifungulia. Alikuwa mwembamba, ameegemea ukuta, na kweli miguu ilikuwa imeanza kujaa. Alinikaribisha kiti, akanipa chai ambayo yeye mwenyewe haruhusiwi kunywa kwa wingi, akasubiri niseme. Basi akasema yeye.

"Amekutuma."

"Ndiyo, Bi Safaa."

"Amesemaje? Ataitoa?"

"Hakusema ataitoa. Amesema ni nguo yako, maneno yako."

"Ebo! Maneno yangu ya siku ile! Nilikuwa msichana, Kitwana. Kaka ndiye aliyekuwa akinilea, nikaona huyu anakuja kunipokonya. Nilikwenda sokoni kwa hasira, nikachukua iliyo kali kuliko zote. Nilingoja anijibu. Wanawake wote walingoja anijibu. Angenunua yake, akanivalia mbele yangu, tungetukanana wiki moja, yakaisha. Alinyamaza. Unajua mtu akinyamaza miaka yote hiyo?"

"Unadhani amesahau."

"Unadhani amesamehe," alisema. "Kumbe alikuwa akitafuta ukuta wa kuitundika."

Nikasema kiti kiliharibika chenyewe. Nikasema gundi iliyeyuka kwa joto. Nikaeleza mambo ya gari mpaka chai ikapoa, na kwangu hiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mwambie," alisema, "siwezi kupanda gari la kaka yangu huku nimeandikiwa kwamba sipendwi. Bora nife kitandani kwangu."

Nilirudi nikamwambia Bi Khamisa neno kwa neno. Nikasema labda aitoe tu, anunue kitambaa kingine, mimi nitasaidia kuchoma pini. Alitikisa kichwa. "Nikiitoa nimekubali kwamba niliitundika kwa ajili yake. Atapanda, lakini atapanda na huzuni. Mgonjwa hapelekwi hospitali na huzuni."

Kwa watu wetu huwezi kumwambia mtu sikukusudia wewe. Kila mtu husema hivyo, na kila mtu alikusudia.

Ijumaa, kumepambazuka, Bi Khamisa aliniambia niende naye ili nimbebee Safaa mkoba. Nilikuwa na muda kabla ya kazi. Kiti cha mbele tulikuwa tumekisimamisha kwa kukisukumia gunia la mchele la kilo ishirini kwa nyuma, na mimi nikaambiwa nikae nyuma nilishikilie gunia. Nilikaa. Akanifungia mlango kwa nje.

Tulifika mbele ya jengo la Safaa. Bi Khamisa akabonyeza kengele. Hakuna jibu. Pazia la ghorofa ya pili lilitikisika, kwa hiyo yumo, na yuko macho. Bi Khamisa akarudi garini, akakaa, akatazama usukani kwa muda.

"Jishike, Kitwana," alisema.

Akaondoa gari. Mwisho wa mtaa akakata kulia. Honi ikalia. Akakata kulia tena, ikalia. Kulia tena, kulia tena, tukatokea pale pale mbele ya jengo, na hakusimama. Akaanza mzunguko wa pili.

Nilielewa anachofanya na nikatafuta kitasa, nikakumbuka sina kitasa. Kwenye kila kona honi ilipiga kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye kila kona Bi Khamisa alimpungia mkono yeyote aliyekuwapo. Mwanamume aliyekuwa akitoa pipa la taka alimpungia. Mtu mwingine alitoka na taulo kiunoni, akapungiwa. Mzunguko wa tatu watu walikuwa kwenye baraza zao. Granville ikisikia honi mfululizo hujua ni harusi, maana watu wengi wa hapa huwasindikiza maharusi kwa honi mtaa mzima. Ilikuwa mapema mno kwa harusi, lakini nani ajuaye mambo ya watu. Bibi mmoja wa ng'ambo ya barabara akaanza kupiga makofi.

Mimi niliteremka kwenye siti mpaka kichwa changu kikawa sawa na gunia. Ndipo nikaiona kanga vizuri, karibu na pua yangu. Sikuwa nimewahi kuisoma. Nikaisoma mara nyingi.

Jirani yake Safaa, Apondi, Mkenya wa bara, alitoka kwenye roshani yake na kikombe mkononi. "Mathe Safaa!" aliita. "Kuna harusi huku chini na haujaniambia? Ni nani anaolewa?" Na kwa kuwa hakujibiwa, akapiga vigelegele, kwa ajili ya usalama.

Tulipotokea mzunguko uliofuata, Safaa alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, ameshika nguzo ya taa. Bi Khamisa akasimamisha gari.

"Waniaibisha," Safaa alisema dirishani. Alikuwa akihema.

"Panda."

"Watu wote watutazama. Huyu Apondi anapiga vigelegele. Mimi ni mgonjwa, unanizungushia harusi!"

"Utapanda, au nizunguke tena?"

"Na huyo nani nyuma, amejificha?"

"Kitwana. Hajajificha, amefungiwa."

Safaa alinitazama, nikamwamkia kutoka nyuma ya mchele. Hapo ndipo nilipoona alivyovaa. Juu ya gauni lake alikuwa amejifunga kanga nyekundu na nyeupe yenye korosho, imepauka kidogo kuliko ile ya darini kwa sababu yeye yake aliivaa. Kile kipande cha pili. Alikuwa nacho miaka yote. Aligeuka taratibu, mgongo kwa Bi Khamisa, ili asome vizuri. NAKUVUMILIA TU SIKUPENDI.

Mtaa mzima, nadhani waliosoma tulikuwa watatu.

Bi Khamisa alisoma. Alichukua muda wake, kama vile angekuta neno jipya. "Imekukaa vizuri," alisema. "Sare na gari."

"Hili ndilo jibu langu."

"Hilo ni lile lile la kwanza, Safaa."

"Wewe umejibu kwa langu, nami nimejibu kwa langu."

"Basi tumejibizana."

"Tumejibizana."

"Panda, mashine yangoja."

Safaa akazunguka, akaunyanyua mlango kwanza kama inavyotakiwa, akakaa. Tukaondoka. Kwenye kona ya kwanza tukakata kulia, honi ikalia, na wote wawili wakapunga mkono kwa pamoja, mmoja kila upande. Barabarani walianza kukumbushana waliokuwapo kwenye ile harusi ya Mombasa, nani alikaa wapi, nani alikula sana. Walipofika hospitali walikuwa bado hawajafika kwenye biriani. Mimi nilichelewa kazini, kwa sababu walishuka wakazungumza mpaka mlangoni, na hakuna aliyekumbuka kunifungulia.

Kanga haikutoka darini. Safaa alikataza isitolewe. Gunia la mchele ndilo lililoondolewa, kwa matakwa yake pia, maana aligundua kwamba akitoka kwenye mashine ni afadhali kulala kuliko kukaa. Kwa hiyo siku tatu kwa wiki alirudi Granville amelala chali chini ya tusi lake mwenyewe. Bi Khamisa alinieleza kuwa mara nyingi husinzia kabla ya kufika nusu ya njia.

Mwaka huu mama yake Bi Khamisa aliugua, naye Bi Khamisa akaamua kwenda Mombasa kumwuguza kwa wiki sita. Alifia huko, usingizini, kitanda cha pili kutoka kwa mama yake, ambaye alipona na yu hai mpaka leo. Safaa ndiye aliyepigiwa simu, naye akanigongea mlango. Alikuwa amejifunga ile kanga. Alikaa kwenye ngazi, nami nikakaa ngazi ya chini yake, na kwa mara moja maishani mwangu kutokuwa na la kusema hakukuwa kosa.

Namchukua mimi sasa, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nampeleka kabla ya kazi, nakwenda kumchukua saa ya chakula cha mchana. Mwanzoni nilidhani atakataa, mimi ni mwanamume na si ndugu yake. Alisema, "Wewe si mgeni. Wewe ulifungiwa humu." Kisha akalala chali, akatazama juu.

Siku ya safari yake ile ya Mombasa tulimpeleka Bi Khamisa uwanja wa ndege na gari hilo hilo. Safaa alikaa nyuma pamoja na mikoba, kwa kuwa buti lilikuwa na maji. Watu wengine wa pwani walikwishatangulia, wamesimama na vifurushi vya kumpa awapelekee ndugu zao. Bi Khamisa aliagana na wote. Alimkumbatia Safaa, wakaambiana kitu sikioni, Safaa akampiga begani.

Kisha akaja kwangu na ufunguo. Nilikuwa nimesimama kando, karibu na troli. Aliniwekea ufunguo mkononi, akanifunga vidole.

"Mwiko usiuchomoe wote, kioo kitaangukia ndani. Mlango wa Safaa uunyanyue. Mafuta usiamini. Plasta ikibanduka, bandika nyingine."

Nikasema, "Bi Khamisa, mimi ni wa matairi tu."

Alinitazama kama siku ile ya kwanza kwenye kona, kama mtu anayenijua tangu Tanga. Alishika troli, akaisukuma hatua chache, akakumbuka kitu, akageuka.

"Na ukikata kulia, Kitwana," alisema, "punga mkono."